Nilifuata Mnyama Unguja, nikakuta sinema zimekufa

Mpenzi msomaji, wiki hii safu yako inavuka maji. Wale mliozoea kunisoma nikichambua filamu za kwenye vibanda vya video na nyimbo za kwenye daladala, tulieni, leo mambo yote yamo. Mpira umo, muziki umo, sinema imo na televisheni imo. Tena vyote vimo ndani ya mji mmoja ambao mtu mwenye miguu mizima anaumaliza kwa nusu siku.

Mji wenyewe ni Unguja. Safari yenyewe ni ya Mei 2025, Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Nimekaa na safari hii moyoni kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ni Mnyama, na kidonda cha Mnyama hakiponi haraka. Ya pili, kuna jambo nililiona kule nataka tubishane mimi na wewe: kwa nini burudani nyingine hapa kwetu zinaishi miaka mia, na nyingine zinakufa tukiziangalia kwa macho?

MPIRA ULIVYOVUKA BAHARI

Tuanze na mpira, maana ndio ulionipeleka. Mechi ya kwanza ilichezwa Mei 17 kule Berkane, Morocco. Ndani ya dakika 15 tu Simba ilikuwa imeshakula mbili, na zikabaki hizo hizo mbili hadi mwisho. RS Berkane si timu ya mchezo, jamani. Kombe hilo walikuwa wamelibeba mwaka 2020 na wakarudia mwaka 2022. Lakini shabiki wa Simba ukimwambia mbili bila, anakujibu neno moja tu: kwa Mkapa hatoki mtu.

Tatizo ni kwamba kwa Mkapa hakukuwepo. CAF walisema nyasi za uwanja ule haziko sawa baada ya mvua, wakahamishia marudiano Uwanja wa Amaan, Zanzibar, Jumapili ya Mei 25. Piga hesabu mwenyewe. Uwanja wa Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007 na unaingiza watu 60,000. Amaan unaingiza kama 15,000. Yaani katika kila washangiliaji wanne wa Mnyama, watatu wabaki nje! Kelele zetu tunazosifiwa Afrika nzima zilifungwa bao na majani kabla mpira haujaanza.

Ili uelewe uchungu wake, waulize wazee wa Msimbazi habari za mwaka 1993. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikaenda Abidjan kwa Stella ikatoka suluhu. Mji mzima ukajua kazi imekwisha. Stella wakaja Dar es Salaam, wakashinda 2-0, wakaondoka na kombe lao. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimesimuliwa mara nyingi mpaka naona kama nilikuwepo. Baadaye mwaka 2003 Simba iliwatoa Zamalek, mabingwa watetezi, kwa penalti huko huko Cairo, na hadithi hiyo tunaila mpaka leo. Lakini fainali ya Afrika haikurudi tena mpaka 2025. Miaka 32! Mtoto anazaliwa, anasoma, anaoa, anapata watoto, bado anasubiri.

Na watani zetu wa Jangwani walikuwa wakitusubiri kwa hamu. Wao walicheza fainali ya kombe hili hili mwaka 2023 na USM Alger. Wakafungwa 2-1 hapa, wakaenda kushinda 1-0 Algiers, kombe likaenda kwa Waarabu kwa bao la ugenini. Kwa hiyo maneno yao yalikuwa: "Nyie hata ile ya ugenini hamuiwezi." Sasa mtu mzima unakaa vipi nyumbani na maneno hayo?

BOTI LA WEKUNDU

Jumamosi nikapanda boti. Safari ni kama saa mbili, na siku ile ungedhani boti limepakwa rangi nyekundu kwa ndani. Nyimbo zilianza kabla hatujatoka bandarini. Katikati ya mkondo bahari ikachafuka kidogo, nyimbo zikapungua, watu wakaanza kuulizia mifuko. Bahari haina Simba wala Yanga.

Kitu kimoja kilinichekesha. Boti ni la Azam. Maji ya chupa niliyokunywa ni Uhai, ya Azam. Televisheni iliyo ukutani inaonyesha Azam. Tajiri mwenyewe, Said Salim Bakhresa, ni mzaliwa wa huko huko Unguja tulikokuwa tunakwenda. Yaani unamlipa akuvushe, unamlipa unywe, unamlipa uangalie mpira, na siku nyingine anakuletea Azam FC ikufunge. Huyo ndiye mtu wa mjini, wengine sote ni abiria.

Nililala Kikwajuni kwa binamu yangu. Jumapili asubuhi nikakata mguu hadi Amaan kutafuta tiketi. Unapita Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, marefu kama treni lililosahauliwa kituoni. Barabara nzima jezi nyekundu, na kijani hawakukosekana, wamekuja kuombea mvua.

Uwanja wa Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, ukazeeka, watu wakausema vibaya, halafu ukakarabatiwa na kufunguliwa upya Desemba 2023. Ukauona leo unapendeza, sikufichi. Na Wazanzibari wana haki ya kuringa nao, maana mpira umewatesa. Machi 2017 walipokelewa CAF kama mwanachama kamili, Julai mwaka huo huo wakatolewa. Miezi minne! Kuna uchumba unaodumu zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwana wa Unguja aliyevaa jezi ya timu ya Kariakoo siku ile alikuwa na moyo mkubwa kuliko anavyosema mdomoni.

Tiketi sikupata. Mlanguzi mmoja alinitajia bei ambayo ningevuka nayo bahari mara tatu kwenda na kurudi. Nje ya uwanja wauza machungwa walikuwa wanamenya kwa kasi ya cherehani. Berkane ni mji wa machungwa, na hata jezi zao ni za rangi hiyo, kwa hiyo kila shabiki wa Simba alikuwa ananunua chungwa, analikamua hadi tone la mwisho na kulitupa ganda kwa hasira. Nami nikala manne. Halafu nikaamua: mpira unaanza alasiri, mji ninao, miguu ninayo, wacha nitembee.

MAJUMBA YALIYOFUMBA MACHO

Nikashika njia ya Mnazi Mmoja, nikaingia Vuga. Hapo ndipo lilipo jumba la Majestic. Wapenzi wa sinema wenzangu, hili jina tulitamke kwa heshima. Mahali hapo kwanza palikuwa na sinema iitwayo Royal, ikaungua moto, ndipo likajengwa Majestic katika miaka ya 1950. Ukilitazama kwa mbele, unaona lilijengwa na watu waliotaka uvae nguo nzuri kabla hujaingia. Nilipopita mimi mlango ulikuwa umefungwa, na paka wawili walikuwa wamelala kizingitini kama wakata tiketi waliochoka.

Mji huu mdogo ulikuwa na sinema tatu. Majestic, Empire, na Sultana ambayo baada ya Mapinduzi iliitwa Cine Afrique. Watu walikuwa wakifurika kutazama filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani. Filamu ya Raj Kapoor iitwayo Awara, ya mwaka 1951, wazee bado wanaisimulia kama vile imetoka wiki iliyopita. Zote tatu ziliacha kuwa sinema. Dar es Salaam tusicheke, maana na sisi tulikuwa na Avalon, Empress, Odeon na wenzao, tena tulikuwa na Drive-In, mtu anatazama filamu akiwa ndani ya gari lake. Mahali pa Drive-In leo ni ubalozi wa Marekani. Filamu za Marekani zimeondoka, Wamarekani wamebaki.

Mimi filamu nimezijulia kwenye kibanda, kwenye benchi la mbao, mkalimani akimpa Rambo maneno ya Tandale. Sikatai, ile ni raha yake. Lakini kibanda hakikufundishi kunyamaza. Na kuna filamu zinazotaka unyamaze.

KIJANA WA SHANGANI ALIYEPATA UMALKIA

Kutoka Vuga nikaingia Shangani, kwenye ile nyumba ya makumbusho ya Freddie Mercury iliyofunguliwa mwaka 2019. Watalii wanajipanga mlangoni kupiga picha. Huyu alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, akapelekwa kusoma India, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Huko akawa sauti ya bendi ya Queen, na akafariki Novemba 1991.

Maoni yangu kama shabiki, usinikamate. Sauti ile ilikuwa ya ajabu, na lile onyesho lake la Live Aid la mwaka 1985 nimeliangalia mpaka nimejua anageukia upande gani. Lakini ile filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, iliyompa Rami Malek tuzo ya Oscar, mimi ilinikera. Unguja wameitaja kama mtu anavyotaja kituo cha basi alichopita usiku. Hamna bahari, hamna adhana, hamna vichochoro. Mtu kaishi huku utotoni, kasikia ngoma na taarabu kwenye madirisha, halafu filamu inaanza kama vile alishuka London kutoka mbinguni.

Mwenzake hakuondoka. Bi Kidude, Fatma binti Baraka, aliimba mpaka uzeeni kabisa, akazunguka dunia, mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, akarudi zake nyumbani kupiga ngoma ya unyago. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Katika matembezi yangu ya siku mbili sikukutana na mtalii hata mmoja anayeulizia alipoishi. Aliyeondoka ana foleni, aliyebaki hana. Hayo nayo tutayabishania siku nyingine.

ILA TAARABU IMEGOMA KUFA

Sasa hapa ndipo nilipoanza kujikuna kichwa. Kama watu wa hapa ni wazembe wa kutunza, mbona taarabu ipo? Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri mwaka 1928, na Shaaban Robert mwenyewe akaandika wasifu wake. Chama cha Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na bado watu wanakaa na vinanda, udi, ganuni na fidla wanapiga. Mwaka 1905! Sinema zimekuja nyuma yao, zikang'ara, zikazima, wao wapo.

Nikavuka hadi Ngome Kongwe, pale mbele ya Forodhani. Ngome hii waliijenga Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno, karne ya 17 inakwisha. Leo ndani yake kuna jukwaa la wazi. Hapo ndipo lilipokuwa likifanyika tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998, na Sauti za Busara tangu 2004. Yaani mahali palipojengwa kwa ajili ya mizinga pakawa pa gitaa na filamu.

Na nikiwa kwenye filamu, niseme hili. Kama hujaiona Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, umejinyima. Imetoka kwenye kitabu cha Shafi Adam Shafi, kile tulichokibeba shuleni tukidhani ni adhabu. Yasmin anakimbia ndoa ya kulazimishwa, anakutana na Denge mpigania uhuru, na Unguja ya miaka ya 1950 inaonekana kila pembe. Mwajuma ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji, na anapotokea kwenye picha wengine wote wanakuwa fanicha. Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, na ilikuwa ya pili tu kupelekwa na nchi yetu, baada ya zaidi ya miaka 20. Ukitoka kuitazama unataka kupanda boti siku hiyo hiyo. Ndivyo filamu inavyotakiwa kumfanya mtu.

JAWS CORNER, TIKETI NI KAHAWA

Saa ya mpira ikakaribia. Nikaingia vichochoro vya Sokomuhogo mpaka Jaws Corner. Ni njia panda ndogo, vibaraza pande zote, wanaume wamekaa wanakunywa kahawa, wanacheza bao na karata, na siasa inachemka kuliko dele lenyewe. Jina wamelitoa kwenye filamu ya Jaws ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, ile ya papa anayekula watu, na papa mwenyewe amechorwa ukutani. Siku ile televisheni ilikuwa juu, viti vimepangwa, na mahali pa kutia mguu hapapo.

Nikamsogelea mzee mmoja mwenye kofia ya viua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wa Bara wewe?"

"Naam, nimetoka Dar. Nimekuja na timu, ila tiketi imebaki kwa walanguzi."

Akacheka, akasogea nusu kiti. "Basi kaa. Hapa tiketi yake kahawa."

Nikakaa, nikapewa kikombe na kashata. Kabla ya mpira tukaongea sinema. Aliniambia Jumapili walikuwa wakienda Majestic na nafasi hupati, na filamu ya Kihindi wakitoka nje tayari nyimbo zake wanazijua. Nikamuuliza, kilichoziua ni nini?

"Kwanza video. Watu wakawa wanakodi mikanda, wanatazama majumbani. Halafu kila nyumba na TV yake. Sasa hivi hata hiyo TV watoto hawaitaki, kila mmoja na simu yake."

"Sasa babu, kwa nini hamkuchangishana mkaiokoa hata moja?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini samaki hawapandi mnazi. "Ilikuwa na mwenyewe, mwanangu. Cha mtu utakichangia vipi?"

Neno lile lilinikaa. Na lilinikaa zaidi nikikumbuka kwamba watu wa hapa ndio waliotangulia kwenye mambo ya televisheni. Zanzibar ilikuwa na kituo chake cha picha za rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara tulisubiri hadi mwaka 1994 kupata kituo cha kwanza. Babu zetu wa Dar walikuwa wakihadithiwa televisheni kama tunavyohadithiwa mwezini.

DAKIKA 90 NA ZILE ZA MWISHO

Mpira ukaanza. Dakika ya 17 Joshua Mutale akatia kambani. Wallahi sijawahi kusikia kelele kama ile kwenye kichochoro. Sauti inapiga ukuta huu, inapiga ule, inarudi. Mzee wangu kahawa ikamwagika kwenye kanzu, wala hakuangalia. Bado moja tu tusawazishe hesabu!

Kipindi cha pili hakijakaa sawa, Yusuph Kagoma akala kadi nyekundu. Kumi dhidi ya kumi na moja, na bao linatakiwa. Hapo hapo, kama mkosi, picha ya TV ikaganda. Ungetegemea matusi. Badala yake wakainuka watu watatu bila kuitwa. Mmoja akapanda kwenye kiti, mwingine akashika waya, wa tatu akawa anaelekeza: "Hapo! Hapo hapo usitikisike!" Picha ikarudi. Yule aliyeshika waya akabaki ameushika, ameupa televisheni mgongo, anausikiliza mpira kwa masikio ili sisi tuone. Dakika nzima nzima kasimama hivyo mpaka mtu akampokea zamu.

Halafu Steven Mukwala akafunga. Tukaruka, tukakumbatiana, mimi nikajikuta nimembeba mtu nisiyemjua. Kisha VAR. Jamani hii VAR aliyeileta hajawahi kushabikia timu. Tukasubiri, kichochoro kizima kimya, nikasikia mpaka kijiko kikigonga kikombe. Kuotea. Bao hakuna. Na dakika za nyongeza, wakati Simba wote wamepanda, Soumaïla Sidibé akasawazisha. Moja kwa moja, jumla 3-1, Berkane wakachukua kombe la tatu.

Nilitazama nyuso pale. Kuna kijana alikuwa analia waziwazi. Na kuna jamaa wa Yanga, alikuwa amevaa kijani tangu asubuhi na mdomo wake haukupumzika, akamsogezea kikombe cha kahawa bila kusema neno. Matani alimwekea ya kesho. Mzee akafuta kanzu yake, akasema, "Kombe hatukupata, lakini mpira tumeuona." Nikamuuliza alikuwa upande gani siku zote. Akasema yeye si Simba wala si Yanga, yeye ni wa Jaws Corner.

HUKUMU YANGU

Sasa tubishane, mpenzi msomaji. Mimi nasema hivi: kilicho na wanachama hakifi kirahisi, kilicho na watazamaji tu kinakufa.

Angalia. Ikhwan Safaa 1905, ni chama. Yanga 1935, wanachama. Simba 1936, wanachama, na imewahi kuitwa Queens, ikaitwa Eagles, ikaitwa Sunderland, na jina la Simba limekuja mwaka 1971. Imebadili majina kama tapeli na bado ipo, kwa sababu kuna watu wenye kadi wanaogombana mkutanoni. Hata habari za mwekezaji zilipokuja, wanachama walipiga kura kwanza. Tunawacheka wanachama wanavyorushiana viti, lakini nani amewahi kumrushia mtu kiti kwa ajili ya Majestic? Sinema tuliipenda tukiwa na tiketi mkononi. Taa zikiwaka, tunakwenda zetu. Mwenye jumba akichoka, basi, na burudani imechoka.

Mtasema Amaan ni wa serikali na umependeza. Kweli. Lakini na Mkapa ni wa serikali, na ndio huo ulitunyima fainali. Kutegemea mwenye mali akumbuke ni bahati nasibu. Mara inakuangukia, mara inawaangukia wenzako.

Kwa hiyo nina wazo, na wahusika wakilichukua wasinilipe. Sisi wapenda filamu tuanzishe vyama vya filamu kama vilivyo vya taarabu. Kadi, ada ya mwezi, katibu mwenye daftari, mkutano mkuu wa kutukanana mara moja kwa mwaka. Tuanze na kitambaa cheupe na projekta ya kuazima, mtaani, kila Jumamosi. Filamu yetu moja, ya nje moja. Aliye na kiti aje nacho. Vijana hamsini wenye kadi wanaweza kulishika jengo ambalo watazamaji elfu tano wameliacha likaanguka. Simu haitazuia, maana simu haimwagi kahawa kwenye kanzu ya jirani yako.

Na wewe ambaye timu unaishangilia kwa mdomo tu, nenda kalipie kadi yako. Msimu ukianza utapata haki ya kulalamika kihalali.

Mwisho, kwa wale wanaonipigia simu kuniuliza habari za Berkane: nimewasamehe. Ila nikikaribishwa chungwa mpaka leo naomba embe.

Tukutane wiki ijayo, tukijaaliwa.